Makumbusho ya Mahakama, Nairobi: teremka kwenye seli

Mimi ni mkalimani wa mahakama, kwa hiyo makumbusho haya ya Idara ya Mahakama nilikuwa nayatamani kitambo. Yako chini kabisa ya jengo la Mahakama ya Juu, City Hall Way, lile la miaka ya 1930 lililochorwa na Herbert Baker. Nawasihi wenzangu mwende.

Langoni unakaguliwa sawa na mtu aliyekuja kusikiliza kesi, kisha unateremka. Maonyesho yamewekwa kwenye seli za zamani, walimokaa mahabusu wakingoja kupandishwa kizimbani. Mimi kazi yangu yote nimeifanya huko juu, kando ya kizimba. Kusimama mahali mshtakiwa aliposubiri kuitwa kulinigusa sana.

Utaona majoho, mashine za taipu na yale mawigi ya manyoya ya farasi, yenye vishungi vilivyopangwa safu kwa safu, ambayo Jaji Mkuu Willy Mutunga aliyaondoa mwaka 2011. Hayo nilipita haraka.

Nilikwama kwenye kesi ya Kapenguria, ile ya Jomo Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, waasi waliopigana na ukoloni wa Waingereza. Kila mwanafunzi Kenya anajua majina ya wale sita, na kwamba Hakimu Thacker aliwafunga miaka saba na kazi ngumu Aprili 1953. Wachache wanajua kuwa mkalimani wa serikali alikuwa Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale, mzungu aliyekulia Kabete akakijua Kikuyu tangu utotoni. Pritt, wakili wa washtakiwa, alimpinga waziwazi kwamba anaegemea upande mmoja, naye akajiondoa. Kwangu mimi hilo ni jambo zito: mshtakiwa anasikika kupitia mdomo wa mkalimani, na mkalimani mwenye upande hafai kukaa pale, hata awe hodari vipi.

Halafu Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni. Alishtakiwa Nyeri, Novemba 1956, kwa kupatikana na bastola na risasi. Chini ya sheria za hali ya hatari hilo lilitosha kumnyonga, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Msikimbie hapo.

Nendeni siku ya kazi, asubuhi, na mbebe vitambulisho. Walimu wa historia, waleteni wanafunzi kwa vikundi vidogo, kwa sababu vyumba ni vyembamba na kila mtoto anastahili kusoma kwa nafasi.