Diski na pedi mpya za breki kwenye STI yangu: nusura nizilaumu bure

Ningeandika haya wiki ya kwanza, ningezisifu mpaka mngedhani nimelipwa. Ningeandika baada ya kilomita elfu mbili, ningezitukana. Sasa nimefika elfu sita nazo, hasira zimeshuka, na naona ndio wakati wa kusema.

Gari ni Subaru WRX STI, ile yenye kalipa za Brembo (vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski), pistoni nne mbele na mbili nyuma. Diski za mbele zikiwa mpya zina kipenyo cha milimita 326 na unene wa 30. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, na yangu ilisema 28. Nilipoweka maikromita upande wa kushoto nikasoma 27.8. Hapo hakuna mjadala wa pedi peke yake, ni kubadilisha vyote.

Nilichukua seti kamili ya magurudumu manne: diski zenye mifereji usoni na pedi za nusu metali. Jina la kampuni naliacha, na ukiendelea kusoma utaona kwa nini. Nilikaribia kuionea.

Boksi lilipofunguliwa nilifurahi. Katikati ya diski na ndani ya mapezi ya hewa pamepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kila diski imeandikwa kushoto au kulia. Hilo la pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi huangalia mifereji ya usoni wakajiamulia upande wanaoona unapendeza, kumbe kinachoamua ni mapezi ya ndani kama yamepinda: diski inapozunguka kwenda mbele, yanatakiwa yalale kuelekea nyuma ili yavute hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Ukizigeuza, gari litasimama vizuri tu mtaani, ila diski hazitapoa inavyotakiwa siku utakayozibana kweli. Pedi nazo zilikuja na kingo zilizochongwa mshazari na bati za kupunguza kelele zikiwa zimeshabandikwa mgongoni. Kilichoniudhi ni kwamba hakukuwa na pini wala springi mpya za kushikilia pedi. Kwa seti inayojiita kamili, huo ni uchoyo. Nilirudishia za zamani, moja ikiwa na upindo kidogo.

Kutoa pedi kwenye kalipa hizi ni raha. Gari juu ya stendi za chuma (jeki peke yake si ya kuaminiwa, hata kwa dakika tano), tairi nje, gonga pini mbili kwa panchi na nyundo, springi inaruka, pedi zinachomolewa kwa juu bila kugusa bolti hata moja. Kabla ya kusukuma pistoni kurudi ndani nilivuta mafuta kidogo kwenye kikopo cha breki kwa bomba la sindano, kwa sababu pistoni zikirudi mafuta yanapanda, na yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaila.

Raha iliishia hapo. Ili diski itoke lazima kalipa itoke, na bolti zake mbili za nyuma zilikuwa zimekaa kama zimechomelewa. Nilipuliza mafuta ya kulegeza kutu, nikaenda kunywa chai, nikarudi na bomba refu la kuongezea mpini wa spana. Zikaachia kwa mlio ulionifanya nidhani nimevunja kitu. Kalipa niliifunga kwa waya kwenye springi ya shokapu, maana ukiiacha ininginie kwa mpira wake wa breki unaua mpira.

Diski yenyewe iligoma. Nyundo ya mpira, mikono, matusi, hakuna. Ndipo nikakumbuka yale matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa diski. Ni ya bolti za M8. Unaingiza mbili, unakaza hii robo mzunguko, kisha ile, zinaisukuma diski kutoka kwenye habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa) polepole. Ilitoka na mlipuko wa vumbi la kutu. Mtu akiniambia anaitoa kwa nyundo ya kilo tano namwonea huruma beringi yake.

Nyuma niliaibika zaidi. Nilipiga, nikasukuma kwa bolti, diski ikacheza kidogo na kukwama. Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kunisaidia kukanyaga pedali, akaniuliza kwa upole, "Kaka, handibreki umeshusha?" Kwenye gari hili handibreki ni viatu vidogo vinavyobana ndani ya tumbo la diski ya nyuma. Nilikuwa nashindana na breki niliyoivuta kwa mkono wangu mwenyewe. Niliweka vizuizi kwenye tairi za mbele, nikaishusha, diski ikatoka kwa vidole viwili.

Upande wa kwanza ulinichukua saa tatu. Wa mwisho, dakika hamsini.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nikazisafisha kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Habu nilizipitisha brashi ya waya "kidogo". Shikilieni neno hilo. Bolti za kalipa nilizikaza kwa spana ya kupimia ukazaji, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha matengenezo cha gari, si kwa kukisia. Na kwa kuwa mafuta ya breki yalikuwa yamekuwa meusi, niliyabadilisha yote kwa DOT 4. Mafuta haya hunyonya unyevu: DOT 4 mbichi haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila ikishakunywa maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Pedi nzuri juu ya mafuta yanayochemka ni pesa iliyotupwa bure. Kalipa hizi za mbele zina nipeli (vali ndogo za kutolea hewa) mbili kila moja, ya ndani na ya nje, na zote zinatakiwa kutolewa hewa. Kisha pedali ikakanyagwa mpaka ikawa ngumu kabla gari halijasogea hata hatua. Usiposhindilia pedali kwanza, breki ya kwanza utakayoikanyaga itakwenda hadi sakafuni.

Kuzizoesha pedi na diski mpya zikamatane vizuri nilifanya kwenye barabara tupu: kutoka kilomita 100 kwa saa hadi kama 20, mara kumi, nikikanyaga kwa nguvu lakini bila ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) kuamka na bila kusimama kabisa. Ukisimama na pedi ina moto, inaacha alama yake pale pale ilipobana. Kulikuwa na harufu na kamoshi kidogo, kisha dakika kumi za kuendesha bila kugusa breki ili vipoe. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Pedali ilikuwa fupi na ngumu, na gari lilisimama kama limeshikwa shati.

Kwenye kilomita kama elfu mbili usukani ukaanza kutetemeka nikikanyaga kutoka 110. Wiki moja baadaye hata kutoka 80.

Kila niliyemweleza alisema neno moja: diski zimepinda. Nami nikakubali. Niliandika barua ya malalamiko yenye maneno ambayo sasa nashukuru sikuyatuma, nikawa natafuta boksi la kuzirudishia. Kilichonizuia ni fundi mmoja mtu mzima aliyeniuliza swali moja tu: "Habu uliisafisha mpaka ukaona chuma?" Akaniazima kipimo chake cha saa chenye mguu wa sumaku.

Nikafunga diski kwa nati zote, nikaizungusha kwa mkono huku sindano ikigusa uso wake. Upande wa kulia sindano ilicheza 0.03 ya milimita. Kushoto, 0.14. Nilipoitoa diski nikakuta gamba la kutu limebaki kwenye habu karibu na stadi (bolti ya gurudumu) moja, jembamba kama ukucha. Gamba hilo liliiweka diski mshazari, na kwa kalipa ambayo haitelezi kama hizi, kila mzunguko sehemu ile ile ya diski ilikuwa ikilamba pedi hata nisipokanyaga breki. Kilomita elfu mbili za kulambwa zinatosha kuufanya uso usiwe sawa. Diski haikuwa imepinda hata chembe. Niliifunga vibaya mimi.

Nilisugua habu zote nne, safari hii kwa brashi ya kwenye drili na kisha msasa, mpaka chuma kikang'aa. Kushoto ikasoma 0.04. Nikarudia kuzoesha. Mtetemo umepungua karibu wote. Ukisikiliza sana kutoka 120 bado kuna kamnong'ono kwenye usukani, na hako ni halali yangu.

Kwa hiyo bidhaa yenyewe je? Nguvu ya kusimama ni kubwa na haichoki. Nimeteremka mlima mrefu wenye kona, gari limejaa, na pedali haikubadilika kutoka juu hadi chini. Asubuhi kukiwa na baridi, breki mbili tatu za kwanza zinauma polepole kuliko pedi za kiwandani, jambo la kawaida kwa pedi za aina hii. Vumbi ni jingi, rimu zangu za dhahabu zinakuwa kahawia ndani ya siku nne. Mifereji inatoa mvumo mdogo ukikanyaga kwa mwendo mkubwa, na abiria wote huuliza ni nini. Pedi hulia nikirudi nyuma taratibu, hasa baada ya kuosha gari. Mke wangu ameshaniambia gari linasikika kama lori la mchanga, na sikumbishia.

Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi ningemwambia achukue pedi za seramiki na diski laini zisizo na mifereji, atapata ukimya na rimu safi. Anayependa kulibana gari lake, hizi zinamfaa, mradi aagize pini na springi pembeni. Zangu zimefika jana. Jumamosi natoa ile iliyopinda, na nikiwa huko chini nitapima tena kushoto.