My Hero Academia na Jujutsu Kaisen: ipi imemaliza vizuri?

Mwaka 2024 jarida la Weekly Shonen Jump la Japani liliagana na vigogo wawili wa manga (hadithi za katuni za Kijapani), My Hero Academia ikafunga Agosti baada ya miaka 10 na chapta 430, Jujutsu Kaisen ikafuata Septemba ikiwa na chapta 271. Kwangu mimi My Hero imemaliza vizuri zaidi, tena kwa mbali. Vita ilivyoisha mwandishi hakukimbia, alitupa muda wa kukaa na wahusika, halafu chapta ya mwisho inaruka miaka 8 mbele unamkuta Deku, shujaa mkuu wa hadithi, ni mwalimu, nguvu zimemwisha, kumbe wenzake wamechangishana hela wakamtengenezea suti ya kumpa nguvu arudi kazi ya ushujaa, aisee pale niliguswa kweli.

Jujutsu mapigano yake ni moto, hilo halina ubishi, ila Sukuna, adui mkuu, anaanguka chapta ya 268 zinabaki 3 tu, waliokufa wengi hata hawajapata nafasi ya kuliliwa.

Kwa manga mpya za jarida hilo, Kagurabachi iliyoanza Septemba 2023 ishashika mizizi, ila mpya kibao zinakatwa hata chapta 25 hazijafika, wazipe muda jamani.