Kraków au Prague kwa kundi la sinagogi?

Kundi la sinagogi likitaka kuona Ulaya ya Kiyahudi, mara nyingi ubishi hubaki kati ya miji hii miwili: Kraków ya Poland na Prague ya Ucheki. Prague ndiyo rahisi. Mtaa wa Josefov, mtaa wa zamani wa Wayahudi, mnauzunguka kwa miguu asubuhi moja: sinagogi kongwe inayosaliwa tangu karne ya 13, makaburi yaliyobanana hadi mawe yanaegemeana, kisha sinagogi ya Pinkas, ambako kuta zimeandikwa majina ya watu karibu 80,000 waliouawa na Wanazi. Unasogea ukitafuta jina la ukoo wako, herufi ndogo, nyekundu na nyeusi. Chungeni kalenda tu: jumba la makumbusho ya Kiyahudi, linalosimamia Pinkas na makaburi hayo, hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi.

Kraków ina kazi zaidi. Si mtaa wa Kazimierz wenyewe, mtaa wa zamani wa Wayahudi, ambako sinagogi ya Remuh haina usumbufu. Kazi ni Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi ambayo sasa ni makumbusho, kilomita kama 70 kutoka mjini. Kundi lazima liwe na mwongozaji wa pale, nafasi ziwekwe mapema, na mabegi makubwa yabaki nje. Watoto chini ya miaka 14 haishauriwi waende, basi wazazi waambiwe kabla hawajalipa.

Kote kuwili, tafuteni hoteli iliyo karibu na sinagogi, na muulize kama milango hufunguliwa kwa ufunguo. Ikiwa ni kadi ya umeme, Sabato ikianza wanaoishika hawaitumii, na wazee watakwama koridoni.

Penye watoto ningechagua Prague. Watu wazima pekee, Kraków, na siku inayofuata Auschwitz isiwe na ratiba yoyote.