Corinth, Mississippi: mji wa makutano ya reli, uzoefu wangu

Ukiwa unaishi Memphis na Beale Street, mtaa wake wa muziki, imekuchosha, shika barabara kuu ya 72 kuelekea mashariki, kama maili 90 hivi, mpaka Corinth. Ni mji mdogo wa watu wapatao 14,000. Nenda na gari, kwa sababu treni zinazopita hapo siku hizi ni za mizigo tu.

Na bado ni mji uliozaliwa na treni. Ulianzishwa mwaka 1853 kwa sababu reli mbili, Memphis & Charleston na Mobile & Ohio, zilipangwa kukatana hapo hapo; jina lake la kwanza lilikuwa Cross City. Sisi tuliokulia Tabora hatuhitaji maelezo: reli zikikutana, mji hauulizwi kama unataka kukua. Makutano yenyewe bado yapo, nje ya stesheni ya zamani ambayo sasa ni Crossroads Museum. Subiri treni ipite. Magurudumu yanavyogonga pale reli zinapokatana, utayasikia hadi kifuani, na watoto hawatataka kuondoka.

Makutano hayo ndiyo yaliyoileta hapa, mwaka 1862, Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani, kati ya Kaskazini na Kusini iliyotetea utumwa. Jeshi la Kusini lilijikusanya Corinth, likaenda kupigana mahali panapoitwa Shiloh tarehe 6 na 7 Aprili, likarudi limeshindwa. Jenerali Halleck wa Kaskazini akalifuata polepole mno na askari zaidi ya 100,000. Kisa nilichokipenda ni cha Jenerali Beauregard wa upande wa Kusini: alipokuwa akiuhama mji kimyakimya usiku, kila treni tupu ilipoingia aliwaamuru askari wake washangilie, ili adui adhani wameongezewa nguvu. Halleck akaja kuingia mji mtupu. Oktoba, Wakusini walijaribu kuutwaa tena, wakashindwa. Yote haya utayaona kwenye kituo cha maonyesho karibu na ngome ya Battery Robinett, na kiingilio ni bure. Maelezo ya kijeshi ni mengi kidogo kwa ladha yangu.

Kilichonifanya niandike haya ni Contraband Camp. Watu waliokuwa watumwa walitoroka mashambani, wakaja Corinth chini ya jeshi la Kaskazini, na kuanzia mwishoni mwa 1862 wakajijengea makazi: nyumba, kanisa, shule, hospitali, na shamba la pamoja lililoleta faida. Walifika hadi watu 6,000. Wanaume wengi wakavaa sare za jeshi, wakaingia kikosi cha askari weusi kilichoundwa hapo. Mwisho wa 1863 kambi ikahamishiwa Memphis, kwa hiyo baadhi ya majirani zangu huenda ni vitukuu vya watu hao. Hakuna jengo la asili lililobaki. Kuna njia ya kutembea, vibao, na sanamu za shaba zenye ukubwa wa mtu. Ile ya mwanamke na mtoto wakiwa na kitabu ilinishika muda mrefu kuliko mizinga yote ya Robinett. Sielewi kwa nini wageni wengi huishia kwenye mizinga.

Chakula: Borroum's, duka la dawa lililofunguliwa 1865, lina kaunta ya soda na slugburger, chakula cha fahari cha mji huu. Ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na soya, ikakaangwa kwenye mafuta mengi, ikawekwa haradali na vitunguu. Nje inakatika kama bajia, ndani laini. Bei haiumizi. Wasiokula nguruwe waulize kwanza nyama ni ya nini.

Naupa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekatwa na jioni, maana jua likizama hakuna la maana la kufanya. Kama ni Julai, anza na Contraband Camp asubuhi mapema, kwani joto la Mississippi lina unyevu wa kuloanisha shati kabla ya saa nne. Stesheni na Borroum's viache mchana.