Taa ya UV kwenye tangi langu la fulu hapa Kisumu: naipendekeza, ila kwa masharti

Ukifuga samaki Kisumu na tangi lako likawa karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana, maji ya kijani utayajua tu. Tangi langu ni la lita 200, na ndani mna fulu watupu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mwani ulipochachamaa, hata ukuta wa nyuma wa tangi ulikuwa hauonekani. Kubadilisha maji na kuweka pazia zito kulisaidia kidogo, kisha maji yakarudi kuwa kama mrenda.

Nikanunua taa ya UV, yaani ya miale ya urujuanimno, ya wati 9, ya kuweka nje ya tangi. Maji yakitoka kwenye filta yanasukumwa na pampu kupitia silinda ya plastiki nyeusi yenye balbu katikati, halafu yanarudi tangini. Balbu imevikwa mrija wa kioo cha kwatsi, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia miale hiyo. Ni UV ya aina ya C, ya nanomita 254 hivi, ambayo huharibu DNA ya mwani na vijidudu visiweze kuzaana tena.

Siku za kwanza sikuona tofauti yoyote. Kisha ukijani ukaanza kupauka, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nahesabu mawe ya upande wa pili. Kwa fulu hilo si pambo tu. Dume hujitangaza kwa rangi, na jike huchagua kwa macho. Maji yakiwa machafu rangi hizo hazina kazi. Sasa madume wangu wanang'aa na kuchezeana siku nzima. Kwa hilo peke yake nimeridhika kabisa.

Lakini tuelewane: taa hii inashughulika na kile kinachopita ndani yake, basi. Mwani ulioshika kwenye kioo na mawe haiugusi. Huo bado nausugua kwa sponji. Haiondoi naitreti, ule uchafu ulioyeyuka majini unaotokana na kinyesi cha samaki, wala mabaki ya chakula, na klorini ya maji ya bomba bado unaitoa mwenyewe kabla hujayamimina. Wanaohofia kwamba itaua bakteria wazuri wa filta, wale wanaovunja uchafu wa samaki, wasiwe na wasiwasi sana, kwani wengi wao wamejishika kwenye sponji na mawe, hawaelei majini.

Kuhusu ugonjwa wa madoa meupe, muuzaji aliniambia taa inatibu. Haitibu samaki aliyekwisha kushikwa. Inaweza kuua vimelea vichanga vinapoogelea kutafuta samaki wa kumvamia, na hapo ndipo kasi ya maji inapoamua kila kitu. Vimelea vinahitaji kupigwa na miale kwa muda mrefu kuliko mwani, kwa hiyo pampu kali inavipitisha vikiwa hai. Mimi nimeweka valvu ya kupunguza mkondo. Ukitia dawa majini, zima taa kwanza, kwani dawa nyingine huharibiwa na miale hiyo.

Stima haili sana. Wati 9 ikiwaka usiku na mchana ni kama yuniti 6.5 kwa mwezi, mbali na pampu. Gharama ya kweli ni balbu. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kuwaka mfululizo nguvu yake ya UV inakuwa imeshuka, hata kama bado unaona mwanga wa buluu. Usingoje izime. Mrija wa kwatsi nao hushika ukoko wa chokaa. Nausafisha kwa siki na kitambaa laini, taratibu, maana ukipasuka maji yanafikia umeme.

Chomoa plagi kabla ya kufungua chochote, na usiitazame balbu ikiwaka: inaunguza macho na ngozi. Kwenye nyumba yenye watoto nisingekubali taa isiyofunikwa hata kwa bei ya bure.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe balbu ya akiba ya mguu ule ule. Yangu ni G23, mguu wa pini mbili unaopatikana kwa urahisi. Kama hana, na hajui itatoka wapi, tafuta duka lingine.