Ganzi ya meno yenye adrenalini: nyota nne, ya tano ipo kwenye swali la daktari

Katika kliniki za meno za Dar es Salaam, iwe Sinza, Ilala au Mbagala, utaikuta lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini, ndani ya katriji ya kioo ya ml 1.8 au ml 2.2. Kwa kung'oa jino tunaipenda kuliko lignokeini tupu ya chupa.

Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu pale sindano ilipoingia, kwa hiyo lignokeini haisombwi haraka. Ile tupu hutuliza kiini cha jino kwa dakika 5 hadi 10 hivi, muda usiotosha gego la mwisho lenye mizizi iliyopinda. Hii hushika karibu saa nzima, mdomo hubaki mzito saa 3 hadi 5, na damu hutoka kidogo. Tena chupa hudungwa mara nyingi na sindano nyingi, ilhali katriji ni ya mtu mmoja, kinachobaki hutupwa.

Nyota tuliyoizuia inahusu dawa nyingine anazomeza mgonjwa. Boksi la katriji 50 huja na karatasi moja ya maelezo, na anayedungwa haioni kamwe. Kinga yake inabaki kuwa swali la daktari, na swali tunalolisikia sana ni hili: "Una presha?" Halitoshi. Propranolol, dawa ya presha na moyo, hupewa pia mwenye tezi ya shingo iliyozidi kazi, mwenye kipandauso na anayetetemeka mikono. Amitriptilini, dawa ya sonona, hupewa pia mwenye kisukari anayewaka moto nyayoni usiku. Wote wawili watajibu "sina presha, daktari", na watakuwa wamesema kweli. Swali sahihi ni "unameza dawa gani?", na jibu bora ni pakiti zenyewe mkononi.

Adrenalini ina kazi mbili kwenye mishipa ya damu: mingine huibana, mingine huipanua. Propranolol huifungia ile njia ya kupanua, ikabaki ya kubana peke yake. Presha hupanda ghafla, kisha moyo hupunguza mwendo kwa kujihami. Mgonjwa analalamika kichwa kinagonga huku mapigo yakiwa ya taratibu. Juu ya hapo, propranolol huchelewesha ini kuiondoa lignokeini. Atenolol na bisoprolol, ndugu za propranolol, hulenga moyo zaidi, kwa hiyo hatari yake ni ndogo, si sifuri. Amitriptilini nayo huzuia neva kuirudisha ndani adrenalini, hivyo kiasi kilekile hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Dawa hizi zisiachwe ili tu mtu akang'oe jino: kuikata propranolol ghafla kunaweza kuusumbua moyo kuliko ganzi yenyewe.

Kinachotakiwa ni hesabu. Adrenalini ya 1:80,000, yaani gramu 1 ndani ya ml 80,000, ni mikrogramu 12.5 kwa kila ml. Katriji ya ml 2.2 ina 27.5, ya ml 1.8 ina 22.5. Kwa mgonjwa wa moyo, au anayetumia dawa tulizotaja, kikomo kinachotumika ni mikrogramu 40 kwa ziara moja. Katriji mbili za ml 2.2 zinakupeleka 55, umeshavuka. Ile ya 1:100,000 ya ml 1.8 ina 18, mbili ni 36, umebaki ndani. Kliniki yenye wazee wengi inunue hii. Kabla ya kusukuma dawa, vuta pistoni nyuma uone kama damu inaingia. Kisha sukuma polepole, ml 1 kwa dakika. Anza na nusu katriji, subiri dakika 5, pima presha, ndipo uongeze.

Kwa mtoto, angalia lignokeini yenyewe kabla ya adrenalini. Kwa kipimo cha tahadhari cha mg 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 20 mwisho wake ni mg 88, yaani katriji mbili za ml 2.2 kamili. Akiwa amepewa pia pethidini ya kumtuliza, hata hicho kikomo kipunguzwe, maana degedege na kupumua kwa shida huja mapema. Mtu mzima anayetumia ARV zenye ritonavir hatudhani atadhurika kwa katriji moja, lakini ini lake huisafisha lignokeini taratibu, kwa hiyo asirundikiwe nyingi.

Wengine wakiiogopa adrenalini hukimbilia prilokeini, ganzi nyingine. Si kimbilio la kila mtu. Ikikutana na dapsoni (dawa ya ukoma) au kotrimoksazoli (Septrin), dawa ambazo watu wengi hapa wanazifahamu, inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni: midomo inakuwa ya bluu, na kipima oksijeni cha kidoleni kinang'ang'ania karibu asilimia 85 hata mgonjwa akiwekewa oksijeni. Tiba ni methilini bluu, mg 1 hadi 2 kwa kilo, ila mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, inaweza kumvunja chembe za damu. Kwa anayetumia propranolol, tungechagua ganzi ya mepivakeini asilimia 3 isiyo na adrenalini pale inapopatikana, kwa kazi fupi.

Halafu kuna joto la mji huu. Adrenalini huharibika kwa joto na mwanga. Boksi lililoshinda ndani ya gari Kariakoo mchana kutwa halifai. Ukinunua, hakikisha dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, soma tarehe ya mwisho na kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye boksi, kisha inua katriji kwenye mwanga. Ikiwa na rangi ya pinki au kahawia, au mpira wake umesukumwa nje, usiipokee.