Programu huria za kuchora ramani ya waifai ndani ya nyumba: ipi ya kwanza, ipi ifuate

Kabla hujanunua ruta ya pili au kifaa cha kurefusha mawimbi, pima. Waifai isipofika chumba cha nyuma, huenda tatizo ni umbali, ukuta wa zege, chaneli (njia ya masafa inayotumiwa na ruta) iliyojaa majirani, au ruta yenyewe kufungiwa ndani ya kabati la chuma. Kifaa kipya hakitibu chaneli iliyojaa, na ruta iliyo kabatini inahitaji kutolewa tu. Ramani ya rangi iliyochorwa juu ya mchoro wa sakafu hukuonyesha shida ilipo, na programu huria za kuichora zipo, tena bure. Utakacholipa ni muda wako, na hapo ndipo zinapoachana sana.

Nimezipanga kwa kuuliza jambo moja kwanza: je, inapima kasi ya data, au inasoma nguvu ya mawimbi tu? Nguvu husomwa kwa dBm, kipimo cha desibeli, ambayo hapa huwa namba hasi. Inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Karibu na ruta utaona -30 au -40. Kwa simu za sauti na video, mafundi wa mitandao hulenga -67 au juu ya hapo, na ukifika -80 muunganisho ni wa kubahatisha. Zikipungua desibeli 3 nguvu imeshapungua kwa nusu, kwa hiyo kutoka -67 hadi -70 si hatua ndogo.

Lakini nguvu haitoshi. Nimewahi kukaa kwenye meza yenye -52, mawimbi mazuri kabisa, huku video ikikwama kila dakika. Chaneli ilikuwa imejaa mitandao ya jirani. Ramani ya nguvu peke yake ingeipaka meza ile kijani. Ndiyo maana nazipa nafasi za juu programu zinazofanya kazi na iperf3, ambayo hutuma data kati ya kompyuta mbili na kuhesabu megabiti zinazopita kwa sekunde.

Nafasi ya kwanza: wifi-heatmapper

Hii ndiyo ningempa mtu yeyote anayeanza, kwa sababu inakubali Windows, macOS na Linux. Wengi hukwama pale wanapogundua kwamba programu waliyoisoma inataka Linux pekee. Ukishaisakinisha unaifungua kwenye kivinjari cha kompyuta yako mwenyewe, unapakia picha ya mchoro wa sakafu, kisha unatembea na laptopu: unasimama, unabofya mahali ulipo kwenye mchoro, unasubiri ipime, unahamia nukta nyingine. Mchoro si lazima uwe wa msanifu majengo. Uliochora kwa kalamu na kupiga picha unatosha, mradi vipimo vya vyumba vinalingana.

Usipokuwa na kompyuta ya pili ya kuwa seva ya iperf3, yaani upande wa pili wa jaribio, inaweza kupima nguvu peke yake. Kwenye macOS itahitaji nenosiri la msimamizi ili kusoma taarifa za waifai. Kwenye Windows, kumbuka kwamba amri ya mfumo huo imezoea kutoa nguvu kwa asilimia, na dBm unayoiona ni hesabu iliyogeuzwa kutoka hapo. Usiilinganishe namba kwa namba na iliyopimwa kwa Linux.

Nafasi ya pili: wifi-heat-mapper

Angalia vizuri: jina linatofautiana na la kwanza kwa kistari kimoja tu, na ni programu nyingine kabisa. Hii ni ya Linux na imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Inaendeshwa kwa amri tatu fupi: whm bootstrap ya kuandaa, whm benchmark ya kupima, whm plot ya kuchora. Nguvu yake ni kwamba zaidi ya iperf3 inaweza pia kupima kasi ya intaneti yenyewe, hivyo unaona kama udhaifu uko ndani ya nyumba au kwa mtoa huduma. Kama Linux ndiyo kompyuta yako ya kila siku, iweke ya kwanza.

Nafasi ya tatu: python-wifi-survey-heatmap

Hii nayo ni ya Linux tu. Inapima TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data mtandaoni, na kila kipimo inakichorea ramani yake: nguvu, kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, hata kuyumba kwa ucheleweshaji, jambo linalowahusu wanaopiga simu kupitia intaneti. Nimeishusha kwa sababu ya usakinishaji. Inategemea wxPython, maktaba ya kuchora madirisha ya programu, na hiyo inaweza kukulia saa nzima. Njia ya Docker, inayofungasha programu pamoja na vyote inavyohitaji, husaidia, kwa anayeijua Docker.

Nafasi ya nne: WiFiAnalyzer ya Android

Haichori ramani ya sakafu. Inaonyesha mitandao yote iliyo karibu na chaneli zake, na kwa kujua kama chaneli 1, 6 au 11 ndiyo iliyo nyepesi kwenye masafa ya 2.4 GHz, sijaona ya haraka zaidi. Tangu Android 9, mfumo huruhusu programu kuchunguza mitandao mara 4 tu kwa dakika 2, kwa hiyo ukitembea upesi utasoma namba za chumba ulichokwisha kutoka. Simama, subiri. Kuanzia Android 10, kizuizi hicho kinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya watengenezaji programu. Wenye iPhone hawana mbadala wa kweli, kwa kuwa mfumo wake hauziruhusu programu za kawaida kuchunguza mitandao ya jirani.

Kismet, programu nyingine ya kuchunguza mitandao ya waifai, utaiona ikitajwa mara nyingi. Ni nzuri, ila ramani zake hutegemea GPS, na ndani ya jengo GPS haiwezi kutofautisha sebule na jiko. Iache kwa kazi za nje.

Namna ya kupima, maana ndiyo inayoharibu ramani nyingi

Seva ya iperf3 iunganishwe kwenye ruta kwa waya. Ikiwa nayo iko kwenye waifai, kila pakiti inasafiri hewani mara mbili, na kasi utakayoiona inaweza kuwa nusu ya ile halisi au chini ya hapo. Utamlaumu ukuta bure.

Pili, rangi zilizo kati ya nukta ni makisio. Programu inakokotoa kutoka kwenye vipimo vya jirani na haijui kwamba kati yake kuna ukuta. Nilipopima nyumba moja kwa nukta sita, chumba ambacho sikuingia kilitoka kijani kibichi. Niliposimama ndani yake nikasoma -79. Tangu hapo naweka angalau nukta mbili kila chumba, moja karibu na mlango na nyingine kwenye kona ya mbali, na moja kila upande wa ukuta mnene.

Tumia kompyuta ileile mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa antena hazifanani. Pima 2.4 GHz na 5 GHz kila moja peke yake, kwani ya pili hudhoofika haraka zaidi ikipita ukutani. Milango ifunge kama inavyofungwa siku za kawaida. Faili la vipimo usilifute: ukishahamisha ruta, rudi kwenye nukta zilezile, pima tena, na uweke ramani mbili ubavu kwa ubavu.